Mke wangu halali hata mtoto akilala

SWALI: Mke wangu alijifungua miezi 3 iliyopita. Halali hata mtoto akilala, analia ovyo, anasema yeye si mama. Nyumbani wanasema karogwa. Chanzo ni nini? – Baba Mtoto, Mbagala

JIBU: Pole sana, ndugu. Hizo ni dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) baada ya kujifungua. Majonzi ya kawaida ya uzazi huisha ndani ya wiki 2, haya yamepitiliza. Chanzo huwa si kimoja: homoni hushuka ghafla baada ya kujifungua, usingizi hukatika kila usiku, na aliyewahi kuugua sonona au anayelea peke yake yumo hatarini zaidi. Upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa huleta uchovu unaofanana nayo, kwa hiyo mpeleke hospitali ya Temeke, apimwe vyote viwili. Akipewa dawa za sonona, nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4. Wengi huziacha mapema mno. Zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha.

Usiku shika mtoto wewe, ili mkeo alale kwa saa 4 mfululizo. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.