Namna nilivyoujua ukoo wa mashua yangu kuukuu ya tanga

Nilipoinunua niliambiwa ni Folkboat, aina ya mashua ndogo ya tanga yenye asili ya Skandinavia, ya faibaglasi, ya mwaka 1982. Ndivyo hati zilivyosema, na muuzaji mwenyewe aliamini hivyo kwa moyo safi. Nami nikaamini, mpaka nilipoagiza tanga jipya la mbele kwa vipimo vya Folkboat. Lilipokuja nikalipandisha, na ncha yake ikabaki mbali na kilele cha mlingoti, waya wa mbele ukiwa mtupu juu yake. Fundi hakuwa na kosa. Alishona nilichomwagiza.

Siku ile nilikaa kwenye sitaha, tanga likiwa mapajani, nikajiuliza swali ambalo ningeliuliza kabla ya kulipa: hii ni mashua gani hasa? Ukikosea aina ya chombo, unakosea matanga, waya za mlingoti, usukani, hata uzito utakaomwambia mwenye kreni siku ya kukitoa majini.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza na kile kisichong'oka. Jina hufutwa likaandikwa jingine. Matanga huuzwa na kuhama, kwa hiyo nembo na namba kubwa iliyoshonwa kwenye tanga kuu inaweza kuwa ya chombo kingine kabisa. Injini hubadilishwa, winchi vilevile. Hati nazo hunakiliwa kutoka hati za nyuma, na kosa la karani mmoja hurithiwa na wamiliki watano. Ule mwaka 1982 niliokuja kuufuatilia ulikuwa mwaka mashua ilipoandikishwa na mmiliki fulani, wala si mwaka ilipoundwa.

Kisichong'oka ni bodi yenyewe, yaani mwili wa chombo. Kwa vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani kuanzia tarehe 1 Novemba 1972, sheria ilitaka kila bodi iwe na namba yake ya utambulisho, ambayo wenyewe huiita HIN. Ina herufi na tarakimu 12, na kazi yake ni kama ya namba ya chasisi kwenye gari. Itafute nyuma, kwenye ubao wa tezi, kona ya juu upande wa kulia ukielekea omo, yaani mbele. Vyombo vilivyoundwa baada ya tarehe 1 Agosti 1984 vilitakiwa kuwa na nakala ya pili iliyofichwa ndani.

Kwangu palikuwa na rangi juu ya rangi. Tafadhali usikimbilie msasa: herufi hizo zina kina kidogo sana, na ukizisugua zimekwenda. Nilingoja giza liingie, nikailaza tochi ubavuni kabisa mwa ubao ili mwanga uteleze juu yake. Vikaanza kuonekana vivuli, vijistari vifupi visivyosomeka. Nikabandika karatasi nyembamba, nikaisugua polepole kwa ubavu wa penseli laini. Kwanza ikatokea M, kisha 79, kisha C. Nilirudia mara nne kwa karatasi nne tofauti mpaka zote zikakubaliana.

Herufi hizo za mwisho ndizo zenye tarehe, na hapa wengi hupotea kwa sababu kulikuwa na mitindo tofauti. Ukikuta M ikifuatwa na tarakimu mbili na herufi moja, hesabu ya miezi huanzia Agosti: A ni Agosti, B ni Septemba, C ni Oktoba. Kwa hiyo M79C ni mashua ya toleo la 1979 lakini iliyoundwa Oktoba 1978. Ukikuta tarakimu nne tupu, mfano 0475, soma Aprili 1975. Mtindo wa kuanzia Agosti 1984 huanza na herufi ya mwezi, na safari hii A ni Januari. H485 ni Agosti 1984, toleo la 1985.

Herufi tatu za mwanzo ni alama ya kiwanda. Angalia kipindi ambacho kiwanda kilikuwa na alama hiyo, maana kiwanda kikifa alama yake huweza kupewa kingine. Tarakimu tano za katikati ni namba ya ujenzi, ingawa viwanda vingine vilichanganya humo alama ya aina ya mashua, kwa hiyo usidhani 00312 lazima iwe chombo cha 312. Na ukiona duara katika hizo tano, soma sifuri. Herufi I, O na Q hazikuruhusiwa hapo.

Basi yangu ilikuwa na namba ya Kimarekani, hali nilikuwa nikitafuta ukoo wake Skandinavia. Nikarudi kuutazama mlingoti kwa macho mapya. Folkboat asili yake ni mashindano ya usanifu ya Skandinavia, na michoro ikakamilishwa na Tord Sundén mwaka 1942. Ni yeye pia aliyesanifu International Folkboat ya faibaglasi miaka ya 1960. Katika zote mbili waya wa mbele huishia chini ya kilele. Wangu ulifika kileleni kabisa. Mashua yenye ukoo huo, urefu unaokaribiana nao, na waya unaofika juu, ni Contessa 26. Ilitoka kwa msanifu David Sadler na mjenzi Jeremy Rogers kule Lymington, Uingereza, mwaka 1966, Rogers akiwa ameshaunda Folkboat za mbao. Baadaye kiwanda cha J. J. Taylor cha Toronto, Canada, kikaziunda kwa leseni. Ni Contessa 26 aliyoitumia baharia Mmarekani Tania Aebi kuizunguka dunia kati ya 1985 na 1987, na nikiri kwamba nilipolijua hilo nilishuka nikaishika mashua yangu ubavuni.

Lakini sikutaka kuridhika na ushahidi mmoja. Wahenga walisema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani, nami nikashuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Nilitoa mbao za sakafu, nikafungua makabati, nikavuta droo zote. Nyuma ya droo iliyo chini ya kitanda cha kushoto, mahali pasipoona jua tangu kiwandani, seremala alikuwa ameandika namba kwa penseli nene ili asichanganye vipande vya mashua mbili. Namba ileile ya mwisho wa zile tarakimu tano. Mwandiko umeinama kidogo kushoto.

Hata hivyo mbao za ndani zina mtego wake. Miaka ya 1970 huko Uingereza bodi nyingi ziliuzwa tupu, mnunuzi akamalizia mwenyewe nyumbani. Mashua ya namna hiyo ikiwa na makabati yasiyofanana na picha za kiwanda, usiikane. Pima bodi, sitaha na umbo la madirisha.

Kwa chombo cha kabla ya 1972, tafuta kibati cha kiwanda, na kama kiliwahi kuandikishwa rasmi Uingereza, tazama boriti kuu ya sitaha kwani namba rasmi huchongwa hapo. Ukishapata jina la zamani, fungua vitabu vya orodha ya mashua vya Lloyd's Register of Yachts, vilivyotoka 1878 hadi 1980, au vile vya Marekani vya 1903 hadi 1977. Humo utakuta msanifu, mjenzi, mwaka, na mara nyingi majina ya awali. Michoro ya kampuni ya wasanifu wa mashua ya Sparkman & Stephens imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Mystic Seaport, Connecticut, Marekani. Na usiwasahau wenye mashua za aina yako: andika barua fupi, weka picha ya tezi, ya mlingoti mzima na ya namba, na useme wazi kipi umekiona kwa macho na kipi umeambiwa.

Tanga la pili nililiagiza kwa kuupima mlingoti mwenyewe kwa utepe, sikutegemea jedwali lolote. Karatasi zile nne za penseli, picha ya droo na nakala za hati nimezitia kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, nikaupigilia ndani ya kabati la ramani. Atakayeinunua baada yangu atazikuta hapo.