Kuhani anapiga pia, tena vibaya sana
Kaka unayesema kuhani kazi yake kuponya tu, subiri afike leveli ya 5 kwenye D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kuhani akiwa mmoja wao). Hapo anapata uchawi wa Spirit Guardians, mizimu inamzunguka futi 15 kila upande, adui akiingia humo anakula maumivu ya dadu 3 za pande 8, akifaulu kujikinga bado anakula nusu, na we unatembea nayo tu mpaka katikati ya maadui, inakaa hadi dakika 10 mradi usipoteze umakini (uchawi unaotaka umakini unashika mmoja tu kwa wakati). Kwa sheria za 2014 unaongezea Spiritual Weapon, silaha ya kiroho inayoelea, juu yake, ila toleo la 2024 nayo inataka umakini kwahiyo chagua moja. Leveli ya 1 piga Guiding Bolt, mwale wa nuru. Sacred Flame, uchawi wa moto unaomshukia adui, mi siipendi, adui mwepesi anakwepa na haumii hata kidogo