Mfano wangu alinifungulia daftari

Mmeuliza wiki hii kama wanawake tunabaki nyuma kwenye biashara kwa sababu hatuna wa kuwaiga. Mi najibu ndio, ila inategemea huyo wa kuigwa yuko karibu na wewe kiasi gani.

Nimekulia Mbagala, wanawake wa biashara nimewaona tangu napata akili, mama lishe, wauza vitenge, wauza samaki, wako kila kona. Ambae sikuwahi kumuona ni mwanamke mwenye duka la hadwea, mpaka nilipopata kazi ya kuuza kwa mama mmoja hapo hapo mtaani. Mteja anaingia, anatupita wote wawili anaenda kumuuliza kijana wa kubeba simenti "bosi yupo?", mama anajibu taratibu "ndo mimi, karibu baba, unataka nondo ya ngapi". Kila siku hivyo hivyo. Jioni akishafunga ananikalisha, anafungua daftari ananionesha mabati ya geji 30 yameingia kwa bei gani, usafiri umekula ngapi, faida imebaki ngapi, nani kakopa hajalipa, hata mifuko ya simenti iliyoganda kipindi cha mvua aliiandika na akanionesha ile hasara. Nilianza kuamini naweza pale kwenye daftari.

Tabitha Karanja wa Kenya namheshimu sana, yeye na mumewe walitoka kwenye hadwea wakaanzisha kiwanda cha pombe cha Keroche pale Naivasha mwaka 1997. Lakini mtu mwenye mtaji wa laki tatu akimuangalia yeye, hatua ya pili anaionea wapi?

Alafu na mtaji jamani. Huku kwetu Tanzania Sheria ya Ardhi ya 1999 inatupa haki sawa ya kumiliki, ila kaangalieni hati za viwanja vya familia zenu zina jina la nani, na benki dhamana inayoitaka ndo hiyo hati. Mi nimetokea kwenye ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake. Kwenye kikundi tulichokopea wenzangu wote waliandika biashara ya kuku na vitenge, mi nikaandika misumari na rangi, wakanishangaa kweli kweli.

Sasa hivi nina binti anauza kwangu, daftari tunafunga wote kila jioni. Juzi kagundua mwenyewe kwamba rangi ya mafuta tulikua tunaiuza chini ya bei tuliyonunulia.