Madoa ya viganjani na nyayoni yasiyowasha

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Tandika. Wiki ya tatu sasa nina madoa ya kahawia viganjani na nyayoni, hayawashi wala hayaumi. Duka la dawa walinipa krimu ya fangasi, sijaona nafuu. Inaweza kuwa aleji ya sabuni?

JIBU: Marahaba. Weka krimu pembeni, mdogo wangu, ukapime kaswende wiki hii hii. Fangasi na aleji kwa kawaida huwasha. Madoa mapya yasiyowasha, yaliyoshika viganja na nyayo zote mbili, cha kwanza kutafutwa ni kaswende hatua ya pili. (Vidoa ulivyokuwa navyo miaka yote ni rangi ya kawaida ya ngozi yetu.)

Litazame doa moja kwenye mwanga wa mchana: mara nyingi ukingoni lina duara la magamba membamba. Papasa na tezi za shingoni na kinenani kama zimevimba. Kidonda cha mwanzo cha kaswende, kinachotangulia madoa, kwa kawaida hakiumi na hupona chenyewe, ndiyo maana wengi hawakumbuki kukiona. Madoa nayo hufutika bila dawa. Ungeendelea kupaka, ungeamini krimu imekuponya huku ugonjwa ukibaki mwilini.

Omba RPR au VDRL, vipimo vya damu vya kaswende, yenye kiwango, mfano 1:32 (yaani damu ikizimuliwa mara 32 bado inaonyesha chanya). Kipimo cha haraka peke yake hakitoshi, kwa sababu mara nyingi hubaki chanya maisha yote hata kwa aliyekwisha kupona. Pima na VVU.

Dawa ni benzathini penisilini uniti milioni 2.4, dozi moja, nusu kila tako. Hapa ndipo watu huharibikiwa: wanachomwa penisilini ya kristali inayoisha mwilini kwa saa chache, wakati vimelea hivi huzaliana polepole na vinahitaji dawa ikae mwilini siku nyingi mfululizo. Siprofloksasini haivitibu. Kama penisilini iliwahi kukudhuru, sema kabla ya sindano.

Ndani ya saa 24 unaweza kupata homa na kutetemeka. Ni vimelea vinakufa, meza parasetamoli. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hiyo ni aleji, kimbia hospitali.

Mwenza wa miezi 3 iliyopita atibiwe hata kama kipimo chake ni hasi. Rudia RPR baada ya miezi 6 na 12: kutoka 1:32 tunataka ishuke hadi 1:8 au chini zaidi.

Na RPR ikitoka hasi huku madoa yapo, waombe maabara waizimue sampuli na kuipima upya. Antibodi (kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa) zikizidi sana, kipimo hudanganya.