Maswali ya Wasomaji: Usaili wa kwanza baada ya chuo

Habari za kazi, wahariri. Nina shahada ya ununuzi na ugavi na nimeitwa kwenye usaili wa mchujo wa Sekretarieti ya Ajira. Kwenye kundi la WhatsApp tumetumiwa mitihani ya nyuma, kurasa nyingi mno. Nianzie wapi?
*Mhitimu, Dodoma*

Weka kurasa hizo pembeni kwanza, ufungue tangazo la kazi uliyoomba. Sehemu ya majukumu ndiyo silabasi yako. Chukua jukumu mojamoja ujiulize: linaongozwa na sheria gani, lina hatua zipi, linafanyika kwenye mfumo gani, na nani anaidhinisha? Majukumu kumi yatakupa maswali arobaini, na ukiweza kuyajibu yote bila kutazama daftari, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Ubaya wa mitihani ya kusambaziana ni kwamba mingi imepitwa na wakati, na majibu yake hayajahakikiwa na mtu. Kwa fani yako hilo ni hatari zaidi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 ilishafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na ya mwaka 2023. Mfumo wa TANePS, wa ununuzi wa serikali kwa mtandao, nao umeachia nafasi NeST. Anayekariri majibu ya zamani anaikosa alama huku akiamini amepata. Hakikisha pia unatenganisha kazi za kitengo cha usimamizi wa ununuzi, za bodi ya zabuni na za afisa masuuli, yaani mtendaji mkuu wa taasisi. Hapo wahitimu wengi huchanganya.

Kwenye hesabu, asilimia ndizo huangusha watu. Chukua bidhaa ya shilingi 80,000 yenye punguzo la asilimia 15, kisha ongeza VAT ya asilimia 18. Mwenye haraka hutoa 15 kwenye 18, akaongeza asilimia 3 na kupata 82,400. Sivyo. Punguzo linashusha bei hadi 68,000, na kodi inatozwa kwenye hiyo 68,000: jibu ni 80,240. Fanya mazoezi ya namna hii kwa saa, si kwa raha zako. Maswali 40 kwa dakika 50 ni sekunde 75 kwa kila swali. Likikushinda, weka alama, songa mbele, urudi baadaye.

Cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu. Tena cheti cha shahada sijakichukua, nina hati ya matokeo tu. Nitaruhusiwa?
*Msomaji, Tabora*

Tuanze na la pili kwa sababu ndilo linalorudisha watu mlangoni. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili hutaka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha shahada, na hueleza wazi kwamba hati za matokeo za muda na karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Kwa hiyo nenda chuoni wiki hii. Kama unadaiwa ada au hujakamilisha fomu ya kuondoka chuo, ni afadhali ulijue sasa kuliko siku mbili kabla ya usaili.

Kuhusu jina, majina yanayotofautiana hutakiwa kuambatana na hati ya kisheria. Soma tangazo lako linataka ipi: kiapo cha kawaida mbele ya wakili si kitu kimoja na hati ya jina (deed poll) iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na usajili huchukua muda. Kitambulisho kiwe kile chenye jina linalolingana na akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali. Namba ya usaili uinakili mwenyewe kutoka kwenye akaunti hiyo, na tenga nauli na malazi kabisa, maana kila msailiwa hujigharamia.

Shikamooni. Kwenye mahojiano wakiniambia "jieleze", nasema nini? Sina uzoefu wowote wa kazi.
*Binti wa uhasibu, Morogoro*

Marahaba. Uzoefu unao, ila hujaupanga. Umefanya mafunzo kwa vitendo, umeandika utafiti, huenda umeshika fedha za kikundi au za kwaya. Vyote hivyo vinahesabika mradi uvieleze kwa mpangilio.

"Jieleze" si swali la mahali ulipozaliwa na shule ya msingi uliyosoma. Jopo lina wasifu wako mezani. Tumia dakika moja na nusu: umesomea nini, kazi gani ya uhasibu umeigusa kwa mikono yako, na inahusianaje na nafasi hii. Kisha nyamaza.

Kwa maswali ya "tupe mfano wa…", jibu lifuate hali, jukumu, hatua, matokeo. Jibu dhaifu husema: "Nikiwa field tulifanya usuluhisho wa hesabu za benki na nilijifunza mengi." Jopo halioni kitu hapo, maana "tulifanya" inaficha kama wewe ulifanya au ulitazama. Jibu zuri husema: "Daftari la fedha na taarifa ya benki havikulingana. Nilipewa kutafuta tofauti. Nilianza na salio la mwanzo, nikaweka tiki miamala iliyolingana, nikabaki na hundi mbili ambazo hazijawasilishwa benki na makato ya benki ambayo hayakuwa yameandikwa kwenye daftari. Niliandaa taarifa ya usuluhisho, msimamizi akaipitia." Tumia "mimi" bila aibu, si majivuno, ni ushahidi. Lakini lisiwe la kubuni, kwani swali la pili la jopo litachimba hapohapo: hundi ambayo haijawasilishwa unaitendeaje?

Andaa mifano mitano tu: kosa ulilolirekebisha, mgongano na mwenzako, kazi yenye muda mfupi, jambo la uadilifu, kazi ya kikundi. Itamke kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kuisoma kimyakimya hakutoshi: ulimi hukwama hata pale kichwa kinapojua.

Benki moja imeniita siku nzima: kazi ya kikundi, uwasilishaji, kisha mahojiano. Kikundini niwe msemaji ili nionekane?
*Kijana, Mwanza*

Si lazima. Wasaili wanaowatazama huandika mnachofanya na mnachosema, kila mmoja akiwa na fomu yake ya alama. Wingi wa maneno hauna safu kwenye fomu hiyo. Kinachopewa alama ni kuusogeza uamuzi mbele: kusoma maelekezo vizuri, kupendekeza kigezo ("tupange miradi kwa gharama na kwa idadi ya wateja"), kumkaribisha aliyekatizwa, kugundua kwamba jumla ya bajeti imezidi. Kujitwalia kazi ya kutunza muda halafu ukakaa kimya hakukusaidii chochote.

Makosa makubwa ni kikundi kubishana hadi muda unakwisha bila uamuzi. Ikibaki robo ya muda, wewe ndiye useme: "Tuamue sasa, tuandike sababu."

Ukipewa rundo la barua pepe za kupanga kwa umuhimu, kila moja iandikie hatua na sababu. Mpangilio usio na sababu hauna pa kupewa alama. Na chakula cha mchana, kula kidogo: mahojiano ya jioni hayataki usingizi.

Nilifaulu mahojiano ya serikalini lakini sikupangiwa kituo. Ndiyo basi tena?
*Msomaji, Lindi*

Hapana. Waliofaulu nafasi zikiwa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, na hupangiwa nafasi za kada hiyo zinapopatikana. Kuwamo humo hakukuzuii kuomba kwingine, kwa hiyo endelea kuomba, na namba ya simu iliyo kwenye akaunti yako iwe hewani.