Ukifika Gagauzia, Uliza Kwanza Lugha ya Nyumbani

Nilipokuwa nikisoma Chișinău, mji mkuu wa Moldova, mwenzangu wa darasani alinialika kwao Comrat, mji mkuu wa eneo la Gagauzia, mwendo wa kilomita 100 hivi kuelekea kusini, wakati wa mavuno ya zabibu. Jioni ya kwanza, kwa kuwa wote mezani walizungumza Kirusi, nilimwuliza bibi yake kama wao ni Warusi. Aliweka kisu kando ya mkate aliokuwa akiukata, akaniambia kwa upole kwamba yeye ni Mgagauzi na kwamba Kirusi alifundishwa shuleni. Usiku nilimsikia akisali mbele ya picha takatifu, maana Wagagauzi ni Wakristo wa Kiorthodoksi, naye akamwita Mungu Allaa, kwa kuwa lugha yao ni ya jamii ya Kituruki.

Tangu siku ile namshauri kila anayekwenda huko, awe mwanafunzi au mwandishi wa habari, asipime utii wa mtu kwa Urusi kwa kutazama lugha anayonunulia bidhaa dukani. Sheria ya mwaka 1994, iliyoipa Gagauzia mamlaka yake ya ndani chini ya Moldova, inatambua lugha tatu rasmi: Kigagauzi, Kiromania, ambacho awali sheria hiyo ilikiita Kimoldova, na Kirusi; lakini ofisini na sokoni Kirusi ndicho kilichotawala.

Ni kweli kwamba katika kura ya maoni ya Oktoba 2024 kuhusu Moldova kujiunga na Umoja wa Ulaya, takriban asilimia 95 ya wapiga kura wa Gagauzia walikataa, ilhali nchi nzima ilikubali kwa kura chache mno zilizozidi nusu. Sikatai kwamba fedha na televisheni za Urusi zina nguvu kubwa pale. Hata hivyo, iko hofu ya zamani zaidi, ya kumezwa na nchi jirani ya Romania, ambayo ilichangia wao kujitangazia jamhuri yao Agosti 1990, na ndiyo iliyoandikwa katika sheria ile ile: Moldova ikipoteza hadhi yake ya nchi huru, watu wa Gagauzia wana haki ya kujiamulia hatima yao. Anayeiruka hofu hiyo hataielewa kura yao.

Kwa hiyo jifunze walau kusema "saa ol", yaani asante, kisha umwulize mwenyeji wako anasali kwa lugha gani, na wajukuu wanamjibu kwa ipi. Yule bibi aliwaita wajukuu wake kwa Kigagauzi, nao wakamwitikia kwa Kirusi.