Kabla ya Kuamini Presha Iliyoshuka, Tafuta Wale Ambao Hukuwafundisha

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msaidizi katika utafiti mdogo kwenye soko la dagaa la Kirumba Mwaloni, hapa Mwanza, tukitaka kujua kama kuwafundisha wachuuzi kutuliza wasiwasi kunashusha presha. Tuliwapima asubuhi moja, tukawachagua waliofikisha 140 kwa 90 (namba ya juu na ya chini ya kipimo) au zaidi, tukawafundisha kuvuta pumzi polepole, na baada ya wiki mbili tukawapima tena. Wengi walikuwa wameshuka, nasi tukafurahi sana.

Mtakwimu tuliyempelekea daftari alituuliza jambo moja tu: wale ambao hawakufundishwa wako wapi? Hatukuwa nao.

Presha haitulii mahali pamoja, kwa kuwa hofu au haraka huufanya moyo upige kwa nguvu na mishipa ijibane. Ukichagua watu kwa kipimo kimoja cha juu, unawachanganya wenye presha ya kudumu na wale uliowakuta katika saa yao mbaya, na hawa wa pili watashuka hata usipowafanyia lolote. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliona jambo hilo mwaka 1886 katika vimo: wazazi warefu mno walikuwa na watoto warefu, lakini waliokaribia zaidi wastani.

Namkumbuka mama mmoja aliyetua ndoo kichwani, akaketi, nami nikamfunga kipimo papo hapo juu ya sweta huku tukizungumza bei ya dagaa. Namba ya juu ikasoma 158. Alipopumzika dakika tano, mkono mtupu ukiwa mezani usawa wa moyo, kimya, ikasoma 137. Kosa lilikuwa langu, na jina lake lilikuwa limeshaingia kwenye orodha. Hata katika dodoso letu la maswali ya wasiwasi alikubali kwamba moyo wake ulikuwa ukienda mbio, tukauhesabu kuwa wasiwasi, ilhali alikuwa ametoka kubeba mzigo.

Kwa hiyo, wewe unayeanza utafiti wa namna hii, wapime watu siku mbili tofauti kabla ya kuwachagua, uchukue wastani, kisha uwagawe kwa kura katika makundi mawili, ufundishe moja tu, na ulinganishe mabadiliko ya kundi moja na ya jingine. Ikiwa unaona vibaya kulinyima kundi la pili mafunzo, lifundishe baada ya kipimo cha mwisho. Wachuuzi niliowaeleza hivyo baadaye walikubali kusubiri zamu yao.